Amana ya Mchinjaji

Watu wa mtaa wetu, Buyenzi, walimwita Mchinjaji, na katika miaka ile hilo halikuwa jina la kumpigia mtu kelele barabarani. Mgeni akisikia "Mchinjaji, kuya hapa!" alitafuta mlango wa kuingia. Sisi tulicheka, maana kicheko kilikuwa haba na hatukuchagua kinatoka wapi. Yeye alikuwa muuza nyama tu, mwenye bucha ndogo iliyotazamana na kibaraza changu cha ushonaji. Muda wote wa vita nilikuwa pale nyuma ya cherehani, nikimwona akitoka na kuingia, kwa hiyo ninayoyasema hapa sikuhadithiwa.

Hakuwa mtu wa kupendeka upesi. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Ukimwomba akuongezee kipande alikuongezea mfupa, tena bila kukutazama. Hakupiga soga, na ukimsimulia kisa kirefu alianza kunoa kisu. Nyuma ya bucha, mahali ambapo mtu mwingine angefuga kuku, yeye aliweka majeruhi. Kulikuwa na mwewe waliovunjwa mabawa kwa manati, na popo wachanga walioanguka miti ya barabarani ilipokatwa kwa ajili ya makaa. Kulikuwa na mwari, yule ndege wa ziwani mwenye mfuko chini ya mdomo, kutoka ufukweni Kibenga, aliyemeza ndoana pamoja na samaki. Na kulikuwa na tumbili asiye na mkono mmoja, ambaye aliwachukia wanawake wote isipokuwa mimi, na sijui kwa nini, maana mimi nilimchukia waziwazi.

Kabla ya kumgusa mnyama yeyote alinawa mikono kwa majivu na ndimu mpaka kwenye viwiko, wasisikie harufu ya damu ya mbuzi. Siku moja nilimtania.

"Muzee, hii mwewe inakula nyama kila siku. Itaogopa damu ya nini?"

"Inakula nyama," alisema. "Haijui inatoka wapi."

Na kweli hakuwahi kuchinja mbele yao. Hata mbuzi hakumchinja mbele ya mbuzi mwenzake. Alimgeuza mmoja ukutani, akampa majani ya kutafuna, ndipo akamshughulikia mwingine. Kwa watu hakuwa na upole huo, au ndivyo nilivyodhani.

Zile siku za mwanzo mji ulikuwa ukifungwa kutwa nzima, vijana wenye mawe na marungu wakisimama kwenye njia panda. Asubuhi moja mbele ya bucha palikuwa na mtu amelala kifudifudi. Watu walipita wakitazama upande mwingine, na mimi nilipita nikitazama upande mwingine. Mchinjaji alikuwa kibarazani kwake, anamfunga mwewe bawa kwa kitambaa alichookota sakafuni kwangu. Nilimwendea kwa hasira, hasira ambayo nadhani haikuwa yake yeye.

"We unafunga ndege, na mutu iko pale?"

"Ule mutu amekwisha kufa."

"Na kama hakukufa?"

Alivuta fundo kwa meno kabla ya kunijibu.

"Ukiokota mutu mu barabara, kesho wanakuya kukuuliza: ule ni wa kwenu? Ukiokota mwewe, wanakucheka. Mi nataka wanicheke, Mama Zaina. Ndege, hakuna mutu anamuulizia kabila."

Jibu lile sikulipenda, na hata leo silipendi. Lakini jua lilipopanda alimweka mwewe ndani, akatoka na turubali la bucha, akamfunika yule mtu, kisha akaketi kando yake juu ya ndoo mpaka walipokuja kumchukua. Hakuna aliyemuuliza kitu, na hakuna aliyemcheka. Turubali hakulitumia tena.

Sasa nimfikie korongo, maana bila yeye nisingekuwa na haja ya kumsimulia mtu huyu. Ni yule ndege mrefu mwenye taji la nyuzi za dhahabu kichwani, ambaye kwa Kirundi ni umusambi, na ambaye wakubwa wa mji wetu walipenda kumfuga bustanini. Desturi ilikuwa kumpunguza manyoya ya bawa moja kwa mkasi. Haumii, lakini akijaribu kuruka anapinda na kuanguka, na baada ya muda anaacha kujaribu. Watu waliona ni pambo. Mchinjaji aliona ni uchafu, na alisema hivyo hata mbele ya wateja wenye ndege hao, ndiyo maana wateja wa namna hiyo hawakuwa wengi.

Mmoja alibaki, bwana wa Kanyosha aliyefanya kazi wizarani, mtu wa kanisani, mcheshi. Alikuja kila Jumamosi kununua maini na kutukanwa kwa ajili ya korongo wake. Ndege alikuwa wa binti yake. Siku mtaa wao ulipoanza kuhamwa, bwana yule alisimamisha gari mbele ya bucha, mkewe na binti wakiwa wamebanwa katikati ya magodoro, akafungua buti la nyuma. Korongo alikuwa amelala mle ndani, miguu imefungwa kwa tai ya kazini, ya bluu yenye mistari.

"Nilindie huyu mpaka nirudi," alisema. "Ni ya mutoto. Ni siku mbili tatu tu."

"Inshallah," Mchinjaji akajibu. "Ni amana."

Sidhani kama yule bwana alijua uzito wa neno aliloambiwa. Kwetu amana si mzigo tu ulioachiwa. Ni kitu ambacho utaulizwa, na mwenyewe na Mungu, na unakirudisha kama ulivyokipokea. Mwenyewe akiwa hayupo, unawarudishia warithi wake. Hukitumii, hukiuzi, hukigawi kwa huruma. Gari likaelekea njia ya kwenda Uvira. Msichana alitoa mkono dirishani, akampungia ndege, sisi hatukuwemo.

Siku mbili tatu zikawa mwaka, na mwaka ukazaa mingine. Kila manyoya mapya ya bawa lile yalipokomaa, Mchinjaji alivuka barabara akasimama mbele ya cherehani yangu, mikono inanuka ndimu.

"Mama Zaina, nipatie makasi."

Bucha yake ilikuwa imejaa vyuma vikali, lakini hakutaka kumgusa korongo kwa kitu cha kuchinjia. Basi nilikwenda na mkasi wangu wa kukatia vitambaa, nikamshika ndege kifuani, naye akakata. Ndege hakupigana. Alikunja shingo akaegemeza kichwa kwenye bega la Mchinjaji, na yeye alikata hivyohivyo, taji likimgusa sikio. Baada ya hapo alifunga bucha, akaingia ndani, na mkewe alinikonyeza niondoke bila kuaga. Siku hiyo hakula.

Mvua zilipoanza, makundi ya korongo yalipita juu kutoka mabwawa ya Rusizi, yakiita kwa sauti ile nzito inayofika mbali. Wa kwetu alinyanyua shingo. Kisha alikimbia uani toka ukuta hadi ukuta, akapiga mabawa, bawa zima likampeleka juu na lile lililokatwa likamrudisha chini kwa ubavu. Mchinjaji alikuwa akiingia ndani na kufungulia redio kwa nguvu.

"Si umuache aende?" nilimuuliza mara nyingi.

"Akienda, mwenyewe akirudi nitamuambia nini?"

"Na kama harudi?"

"Nani amekuambia harudi?"

Hakuna aliyeniambia. Hiyo ndiyo ilikuwa taabu ya nyakati zile. Watu walikuwa wanarudi. Mtu aliyekwisha kukaliwa matanga alitokea asubuhi, amekonda, anauliza funguo za nyumba yake. Kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa na mtu wa kumngojea, na aliyekata tamaa mapema alionekana kama msaliti. Nami nilikuwa na ndugu yangu. Nilimngojea kwa namna yangu, kwa kumshonea shati kila Idi na kuliweka sandukuni.

Kuna mkubwa mmoja wa Gihosha aliyepata habari za korongo yule na kumtaka kwa bustani yake mpya. Alikuja mwenyewe, na walinzi wawili. Mchinjaji aliendelea kukata nyama.

"Si yangu," alisema.

"Mwenyewe ni nani?"

"Bwana moya wa Kanyosha. Alisafiri."

"Alisafiri wapi?"

Nilisimamisha cherehani. Kusema kwamba unamngojea mtu aliyekimbilia ng'ambo lilikuwa neno la kumponza mtu na jamaa zake. Mchinjaji akafuta kisu kwenye aproni.

"Hakuniambia. Aliniambia tu atarudi."

Yule mkubwa akacheka, akamwita mzee chizi, akaondoka. Mchinjaji alipata alichokitaka, akachekwa.

Sitaki mdhani alikuwa mtakatifu. Kilipofika kipindi cha vikwazo, mipaka ikafungwa na bei za sokoni zikatushinda, alikuwa bado akitenga mapafu na bandama kwa ajili ya mwewe zake. Watoto wangu walikuwa wanakula sombe, yale majani ya muhogo, bila chumvi. Siku moja nilimwona akikatakata bandama vipande vidogo, kwa uangalifu, kama vya mtu mwenye meno mabovu, na moto ukanipanda.

"Ndege zako zinakula nyama, na watoto wangu wanakula majani!"

"Watoto wako wako na mama," alisema.

Nilimtupia neno ambalo sitaliandika hapa. Sikumsemesha kwa majuma, na alipokuja kutaka mkasi nilimwambia umepotea, nao ulikuwa umelala mezani mbele yake. Aligeuka, akavuka barabara. Kwa muda mrefu baadaye nilikuta mapafu yamefungwa kwenye jani la mgomba kwenye kizingiti changu, na mwewe wawili wakafa uani kwake. Hatukulizungumza kamwe. Nyama ile niliipika, watoto wakala, na ilikuwa tamu.

Kisha kulikuwa na kisa cha bundi. Aliokota kinda la bundi katika nyumba iliyohamwa, maana mitaa ikihamwa yeye alikuwa akiingia na baiskeli na kikapu kutafuta wanyama walioachwa, kasuku kwenye vizimba, kobe, tumbili kwenye minyororo. Alikuta na mambo mengine mle, naye hakuyasema. Tulijua tu kwa jinsi alivyonawa. Juma hilohilo kijana wa jirani aliuawa kwa risasi iliyopotea, na watu wakasema ni bundi aliyemwita. Walikuja langoni na fimbo. Mchinjaji alitoka na aproni yenye damu.

"Bundi ndiye alipiga risasi?" aliuliza.

"Nauliza. Kama ni yeye, ingieni mumuchukue. Kama ni mutu, muende mumutafute ule mutu, na hizo fimbo zenu."

Walirudi nyumbani mmoja mmoja, wakiwa na haya. Bundi mwenyewe alikufa baada ya siku chache, hakutaka kula. Mkewe Mchinjaji aliniambia kwamba mumewe alimzika chini ya pipa la maji na kulia huko peke yake, mtu ambaye mazishini hakutoa hata chozi.

Ila kitu kilichomtofautisha kabisa ni ile shule yake ya ndege. Zamani, kabla ya huyu wa amana, aliletewa kinda la korongo lililoachwa yatima mpungani. Alilikuza kwa mkono wake, akilitafunia mahindi, akilitembeza barabarani nyuma yake mpaka watoto wakawapigia makofi. Bawa hakuligusa. Ndege alipokua alimpeleka mabwawani akamwachia, akarudi na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake. Haukupita muda, askari mmoja wa bariyeri, kizuizi cha kwenye njia ile, mteja wake, alikuja kununua nyama, akamsifu kwa moyo mweupe.

"Muzee, ile ndege yako ilikuwa na nyama muzuri sana. Ilikuya yenyewe kwetu, inaomba mahindi. Hata hatukukimbiza."

Mchinjaji alimfungia nyama yake, akampa. Kisha akaketi chini, pale pale penye damu.

Tangu siku ile majeruhi wake hawakusikia tena sauti nzuri ya mtu. Aliwalisha akiwa nyuma ya gunia, kimya, kwa kijiti kirefu. Walipopona, aliazima buti za jeshi na koti refu, akaingia uani akipiga sufuria, akiwarushia madongo, akikanyaga kwa kishindo mpaka wanajibana ukutani. Mtaa mzima ulimlalamikia. Risasi usiku na sufuria mchana, tulisema, atatumaliza masikio.

"Kuruka wanajua wenyewe," alituambia. "Mi nawafundisha kuogopa."

Kazi hiyo ilimchosha kuliko kuchinja. Alipovua koti alikuwa amelowa jasho, na wale mwewe aliowatia dawa kwa mkono wake sasa wakimwona tu walipiga kelele. Akawa anaridhika. Ndege aliyehitimu ni yule aliyemchukia.

Korongo wa amana hakusoma shule hiyo. Yeye alikuwa wa kurudishwa kwa watu, kwa hiyo hakutakiwa kuwaogopa. Alilala karibu na mlango wa jikoni, alikula mkononi mwa Mchinjaji, na Mchinjaji akiswali uani alisimama nyuma yake kama maamuma. Ndege mmoja tu katika ua ule alimpenda, na huyo ndiye ambaye yeye alikuwa akimkata bawa.

Binti wa yule bwana wa Kanyosha alirudi mwaka ule wa uchaguzi, watu walipoanza kurudi kwa malori kutoka Tanzania na Kongo. Sikumtambua. Mwanamke kijana, amebeba mfuko wa plastiki, alisimama mbele ya bucha akasoma kibao, akaniuliza mimi badala ya kumuuliza yeye.

"Mama, hapa ndipo alikuwa muzee anachunga ndege?"

Tulimkalisha. Mkewe Mchinjaji alileta chai. Mchinjaji mwenyewe alikuwa amesimama wima, hajanawa, visu bado mkononi, anatazama mlangoni kama mtu anayesubiri mwingine aingie.

"Papa wako anakuya nyuma?" aliuliza.

Msichana aliweka kikombe chini.

"Papa hakufika. Siku ileile. Walitusimamisha mbele ya mpaka, wakamushusha mu gari. Mi na mama tulikimbia. Mama naye alikufia kambini."

"Siku ileile?"

"Siku ileile tulitoka hapa."

Mchinjaji aliviweka visu mezani, kimoja kimoja. Alinigeukia mimi.

"Mama Zaina. Tulimukata mara ngapi?"

Sikuwa nimehesabu, na kama ningekuwa nimehesabu nisingemwambia. Kila mara tulipomshika yule ndege, mimi kifuani na yeye bawani, tulikuwa tunamwekea mtu aliyekwisha kufa. Misimu yote ile, makundi yote yale yaliyopita juu yetu. Alikwenda uani, akarudi na korongo akimfuata kwa nyuma, akamwambia msichana, "Hii ni amana yako. Iko muzima. Bawa tu."

Msichana alilia alipomwona. Hakuwa na nyumba, alilala kwa watu wa kanisa lake, na katika ile ya Kanyosha walikuwa wanaishi wengine. Alimpapasa ndege shingo kwa muda mrefu.

"Papa," alimwambia Mchinjaji, "muache aende."

Nilipinga mimi. Ndege asiyeogopa mtu, katika nchi yenye njaa? Nilimkumbusha Mchinjaji bariyeri na mahindi. Aliniambia uamuzi si wake, ni wa mwenyewe. Lakini nilimwona usoni, na uso ule ulikuwa wa mtu anayejua hasa anachokipeleka na anakokipeleka.

Tulingoja manyoya ya zamani yaanguke na mapya yakomae, na huo haukuwa muda mfupi. Alijaribu shule yake. Alivaa koti, buti, akapiga sufuria. Korongo alimtazama, akamsogelea, akaingiza mdomo mfukoni kutafuta mahindi. Alimjua ndani ya nguo yoyote. Basi akabadili, akawa anampeleka kiwanja cha mpira alfajiri na kukimbia mbele yake, mzee mzima, kanzu mkononi, na ndege nyuma yake akipiga mabawa ili asiachwe. Vijana walicheka mpaka wakaketi. Korongo alinyanyuka kidogo, akashuka, akanyanyuka. Hakuruka kamwe juu ya urefu wa mtu.

Siku ya kumpeleka tulipanda nyuma ya kamyoneti ya fundi mmoja wa mtaani, mimi, msichana na Mchinjaji, korongo mapajani mwake, miguu imefungwa kwa ile tai ya bluu, maana alikuwa ameitunza nayo. Kwenye mabwawa tulishuka. Fundo lilikuwa limekaza. Nilimpa mkasi wangu, akaukataa kwa kichwa, akainama akalifungua kwa meno na vidole. Kisha akamkabidhi msichana tai, imekunjwa vizuri. Hapo ndipo niliposikia kilio chake halisi, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha baba yake.

Korongo alisimama karibu na Mchinjaji. Mchinjaji alimsukuma, ndege akarudi. Alimrushia dongo, likapita mbali, na mimi najua jinsi mkono ule ulivyokuwa na shabaha. Alirusha la pili, likampata ndege kifuani. Ndege alishtuka, akatazama dongo, akamtazama yeye, akasogea tena karibu.

"Tuende," Mchinjaji alisema. "Pandeni. Tuende!"

Aliketi ameyapa mabwawa mgongo, uso kwenye kibini cha dereva. Mimi nilikuwa nimetazama nyuma. Gari likaondoka, na korongo akaanza kukimbia kama alivyozoeshwa, ili asiachwe. Gari likaongeza mwendo, na yeye akaongeza. Akapiga mabawa, akanyanyuka, na safari hii hakukuwa na mtu wa kushuka karibu naye, basi akaendelea. Mabawa yote mawili yakafunguka, meupe na kahawia, yakashika upepo. Akapanda juu ya matete, akapanda juu ya nguzo za umeme. Msichana alipiga kelele. Dereva alisikia, akapunguza mwendo.

"Endesha!" Mchinjaji alipiga kibini kwa ngumi. "Usisimame! Endesha!"

Hakugeuka. Toka pale mpaka mjini hakugeuza shingo yake hata mara moja.

Baada ya hapo alikuwa akisimama mbele ya cherehani yangu, bila kutaka mkasi. Alizunguka zunguka, akashika kitambaa, akakiacha.

"Niambie namna aliruka," alisema.

Nilimsimulia. Jinsi alivyokimbia, jinsi miguu ilivyoacha ardhi, matete, nguzo, upepo. Nilifika kwenye nguzo za umeme nikakomea hapo kila mara, na yeye hakuniuliza zaidi. Aliitikia, akarudi kwenye nyama yake. Nilimsimulia hivyo kwa miaka, na sikuchoka, mimi ambaye huchoka upesi na watu.

Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa kitandani, bucha imeshikwa na mpwa wake, ua mtupu na kimya. Mkewe alinikaribisha ndani akatuacha. Mikono yake juu ya shuka ilikuwa mieupe kwa kunawa sana, kucha safi. Akaniambia nimsimulie. Nikamsimulia mpaka kwenye nguzo za umeme, nikanyamaza.

"Na kisha?" aliuliza.

Hakuwahi kuuliza. Nilitengeneza uongo mdomoni, nikauona hautoshi.

"Kisha alichoka," nilisema. "Alishuka mu barabara. Alisimama pale katikati, anatuangalia, mpaka sikumuona tena."

Mchinjaji alifumba macho.

"Nilijua," alisema. "Nilimusikia. Alikuwa ananiita."

Nilimshika mkono, jambo ambalo hatukuwahi kufanya. Kilichompata yule ndege sijui, wala yeye hakujua, na wote wawili tulijua vizuri ni nini huwapata wasioogopa. Nje mpwa wake alikuwa anakata mifupa. Nilidhani amelala, nikaanza kuinuka.

"Mama Zaina," alisema. "Anza tena. Anza pale anaacha udongo."

Nikaketi, nikaanza.